Mbuga, hifadhi, tengefu: wapi unavua, wapi unatazama tu

Kila likizo ya Desemba ikifika, picha za Watamu, Kisite na Mafia hujaa kwenye simu zetu, na nyuma yake hufuata ubishi uleule. Mmoja analalamika kwamba alilipa kiingilio kisha akakatazwa kurusha mshipi. Mwingine anauliza ilikuwaje akaambiwa arudishe kombe aliloliokota mchangani, na huku mbele ya macho yake mtumbwi umepita umejaa tafi. Wa tatu anafunga mjadala: hifadhi ni za wageni, mwenyeji hana chake humo.

Wote watatu wana sababu ya kuchanganyikiwa. Pwani yetu ina maeneo ya kila namna yaliyopakana, mengi hayana hata boya la kuonyesha mpaka, na kila moja lina sheria yake na msimamizi wake. Anayetazama ndege, anayevua na anayeogelea wanaweza kuwa wanaonana kwa macho, na kila mmoja yuko chini ya kanuni tofauti. Nitaeleza zaidi kwa mfano wa Watamu na hori ya Mida, katika kaunti ya Kilifi, kwa sababu pale mambo yote haya yamebanana mahali padogo.

Aina mbili za Kenya

Nchini Kenya, maeneo ya bahari yaliyotengwa na serikali ni ya aina mbili, na zote ziko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Ya kwanza ni mbuga ya bahari. Humo hakitoki kitu: si samaki, si pweza, si kombe, si kipande cha tumbawe, hata kama kimekufa na kuletwa na mawimbi. Unaogelea, unapiga mbizi, unapanda mashua yenye kioo chini, unapiga picha, basi. Ya pili ni hifadhi ya bahari. Hapo uvuvi unaruhusiwa, ila kwa zana za kienyeji: mshipi, dema (mtego wa kusukwa), nyavu zenye matundu yanayokubalika. Juya la kukokota hadi ufukweni, ambalo huzoa mpaka vifaranga vya samaki na kung'oa nyasi za bahari, lilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001 pamoja na bunduki ya mkuki, uwe ndani ya hifadhi au nje.

Mbuga za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968 na ni miongoni mwa za mwanzo za bahari barani Afrika. Ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri: ya Malindi ina kilomita za mraba 6 hivi, ya Watamu 10 hivi. Eneo kubwa linalozizunguka ni hifadhi. Mfano ulio rahisi zaidi kuelewa uko kusini, mkabala na Shimoni na kisiwa cha Wasini. Kisite, kilomita za mraba 28, ni mbuga. Mpunguti iliyo jirani, kilomita za mraba 11, ni hifadhi. Watu hutaja "Kisite-Mpunguti" kwa pumzi moja kana kwamba ni mahali pamoja, ndiyo maana mgeni akimwona mvuvi anatega dema upande huu na askari anamkataza mwingine upande ule, hudhani kuna upendeleo. Hakuna. Ni mpaka tu ambao hakuuona.

Na kiingilio je? Risiti ile ni ruhusa ya kuingia na kuwapo. Hainunui chochote kilichomo. Raia wa Kenya hulipa kiwango cha chini kuliko mgeni, na malipo hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali; tazama ada kabla hujafunga safari kwa sababu hubadilishwa. Kwa hiyo kisheria si kweli kwamba mbuga ni za wageni. Lakini uchungu ulio nyuma ya kauli hiyo una mzizi, na nitaurudia.

Kwa nini pafungwe kabisa?

Wengi hudhani mbuga hufungwa ili samaki wa rangi wapigwe picha. Sababu kubwa ni uzazi. Samaki jike mmoja wa kilo kumi hutaga mayai mengi kuliko majike kumi wa kilo moja moja, kwa hiyo kuvua wakubwa kunapunguza kizazi kijacho kuliko uzito wao unavyoonyesha. Kuna na jambo jingine ambalo wavuvi wengi wenyewe hushangaa wakilisikia: chewa na pono wengi huanza maisha wakiwa majike, na wakishakua wakubwa ndipo baadhi yao hugeuka madume. Ukiwavua wakubwa wote umewamaliza madume, na wadogo waliobaki hawana wa kuwarutubishia mayai.

Mkulima wa Kilifi akivuna, huchagua mahindi ya mbegu na kuyatundika juu ya moshi wa jikoni, na hata njaa ikibisha hodi yale hayaguswi. Mbuga ya bahari ni mahindi yale. Haikuwekwa kumnyima mtu chakula cha leo. Imewekwa ili msimu ujao kuwe na cha kupanda.

Tofauti ni kwamba mbegu za baharini hujipanda zenyewe. Mayai na viluwiluwi huchukuliwa na mkondo, na samaki wazima nao huvuka mpaka kwa miguu yao, kama wasemavyo wazee. Mbuga ya Mombasa ilitangazwa mwaka 1986, lakini uvuvi ndani yake ulisimama kweli mwanzoni mwa miaka ya 1990. Watafiti Tim McClanahan na Stephen Mangi walipima kinachoingia kwenye madema yaliyotegwa nje ya mbuga hiyo, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000 walionyesha kwamba dema lililo karibu na mpaka lilipata zaidi, na kadiri lilivyokuwa mbali ndivyo pato lilivyopungua. Mvuvi mwenye uzoefu hahitaji kuambiwa hivyo: angalia madema yanavyopangwa pembeni kabisa mwa mpaka.

Faida nyingine haionekani haraka. Kikande, samaki mwenye meno magumu, hula wale viumbe wa miiba mirefu myeusi wanaochoma miguu miambani. Kikande akivuliwa hadi kwisha, viumbe hao huzaana bila wa kuwapunguza, na hukwangua mwamba wa matumbawe hadi ukaharibika. Samaki wanakosa pa kujificha, na wavuvi wanakosa samaki. Yote hayo yanaanza na aina moja ya samaki ambaye sokoni wengi hata hawamthamini.

Nisikufiche, mbuga haizuii kila balaa. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi ya Kenya, ndani ya mbuga na nje yake. Maji ya moto hayana habari na mpaka.

Sasa ule uchungu wa wenyeji. Siku eneo linapofungwa, mvuvi anapoteza mahali pake pa kuvulia siku hiyohiyo. Faida inakuja miaka baadaye, na inakuja kwa wote, si kwake peke yake. Anayeendesha mashua ya watalii anaanza kupata mapema. Anayeokota pweza kwa miguu, ambaye mara nyingi ni mwanamke asiye na chombo, hukosa. Mtu akisema "tumenyang'anywa", hiyo ndiyo hesabu anayoizungumzia, na haijibiwi kwa kumwambia hajasoma. Naona maeneo yaliyofungwa na wanakijiji wenyewe yamejibu swali hili vizuri kuliko amri ya juu. Kuruwitu, kusini mwa Kilifi, wavuvi walikubaliana katikati ya miaka ya 2000 kufunga hekta 30 hivi za bahari yao. Eneo la namna hiyo pwani ya Kenya huitwa tengefu, na mwaka 2017 kazi ya Kuruwitu ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mgeni anayefika kwenye tengefu ajue kwamba sheria pale ni ya kijiji, na wa kuulizwa ni BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo, ambacho karibu kila bandari ya wavuvi inacho.

Mida: mti wa huyu, kaa wa yule

Hapa ndipo wengi hupotea. Hori ya Mida ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu nyuma ya Watamu, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 32 hivi, mlango wake mwembamba na tumbo lake pana. Maji yakitoka hubaki tambarare ya tope na mchanga isiyoonekana mwisho. Yakirudi hufika mpaka kwenye shina la mikoko. Hori iko ndani ya hifadhi ya bahari, si mbuga, kwa hiyo uvuvi upo: mkizi, tafi, kamba, kaa.

Inama kwenye mkoko mmoja tu uutazame. Mti wenyewe uko chini ya Huduma ya Misitu, KFS, kwa sababu mikoko yote ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Kukata boriti bila kibali ni kosa la msitu, hata kama mti umesimama ndani ya maji ya chumvi. Biashara ya kuzipeleka boriti Uarabuni kwa majahazi, ambako ziliezekea nyumba za Oman na Ghuba kwa vizazi, Kenya iliisimamisha mwaka 1982. Chaza walioshika kwenye mizizi na kaa aliye shimoni ni mambo ya uvuvi, ya BMU na idara yake. Ndege aliyetua tawini ni wa KWS. Mita moja ya mraba, ofisi tatu. Mwenye kuuliza "naruhusiwa kufanya nini Mida?" hawezi kupewa jibu moja, na anayempa jibu moja anamdanganya.

Wenyeji wameijaza nafasi hiyo kwa akili. Upande wa Dabaso kuna kikundi kinachofuga kaa na kupika kwenye mgahawa uliojengwa juu ya mikoko. Upande mwingine kuna daraja la kamba na mbao lenye urefu wa mita 260 hivi linalopita katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya lililianzisha kupitia mpango wake wa ASSETS, na pesa za kupita darajani husaidia karo za sekondari za watoto wa jirani na msitu na hori. Nikiulizwa pesa ya kutembelea pwani inavyopaswa kufanya kazi, nitaonyesha pale.

Kuna na kasa. Mvuvi wa Watamu akimnasa kasa kwa bahati mbaya, hupigia simu shirika la Local Ocean Conservation, ambalo huja kumchukua, kumpima, kumtibu akiwa mgonjwa na kumwachilia, na mvuvi hulipwa fidia ndogo ya muda wake na ya wavu. Uvumi kwamba kuripoti kasa ni kujitafutia kesi umegharimu kasa wengi maisha. Aliyenasa bila kukusudia na akaripoti hajajitia matatani.

Ukivuka Lungalunga, mambo yanageuka

Mkenya anayekwenda Mafia, au Mtanzania anayekuja Watamu, asibebe sheria za kwao. Tanzania Bara, chini ya sheria ya mwaka 1994, Hifadhi ya Bahari ni eneo pana lenye vijiji ndani yake, na uvuvi unaruhusiwa kwa kanda: kanda nyingine imefungwa, nyingine ni ya wenyeji kwa zana fulani, nyingine ni ya matumizi ya jumla. Ya Kisiwa cha Mafia, iliyotangazwa mwaka 1995, ina kilomita za mraba 822 na watu wanaishi humo. Maeneo Tengefu ndiyo yasiyovuliwa kabisa, kama Mbudya na Bongoyo mbele ya Dar es Salaam. Saadani ni jambo la tatu tena: hiyo ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005, chini ya TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, ambako nyika ya wanyama inakutana na Bahari ya Hindi.

Kwa kifupi, "hifadhi ya bahari" ni mahali pa uvuvi wa masharti kote kuwili, lakini palipofungwa kabisa Kenya ni mbuga na Tanzania ni eneo tengefu la serikali. Halafu kuna hili la Mafia: papa potwe, wale wakubwa wapole wanaofuatwa na wageni kati ya Oktoba na Machi, hukusanyika upande wa Kilindoni, nje ya mipaka ya Hifadhi ya Bahari. Wengi hulipia hifadhi wakidhani wamelipia potwe.

Ndege: tazama maji kabla ya saa

Kosa la kawaida la anayekwenda Mida kuona ndege ni kufika maji yakiwa yametoka kabisa. Anaona tambarare tupu na vitone kwa mbali, anarudi akisema hakuna kitu. Ndege wapo, kwa mamia. Wako kilomita nzima mbele, wanakula.

Ndege wa pwani huishi kwa maji kuliko kwa jua. Maji yakipwa hutawanyika matopeni kutafuta minyoo na kaa, hata usiku. Maji yakijaa hukosa pa kusimama, hujikusanya kwenye vilima vya mchanga na juu ya mikoko kungoja. Wakati wa kuwaona kwa karibu ni katikati, maji yanaporudi na kuwasukuma hatua kwa hatua kuelekea kibandani. Kanuni ya pwani yetu ni rahisi: siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ndiyo maji bamvu, bahari hupwa mnamo saa nne na kujaa mnamo saa kumi, na maji hupanda karibu mita nne kwenye bamvu kubwa. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Siku za maji mafu mambo hugeuka, kujaa kunakuwa mnamo saa nne. Ndani ya Mida maji huchelewa kidogo kwa sababu mlango ni mwembamba. Basi siku ya bamvu, kaa kibandani tangu saa nane mchana.

Utakayemtafuta kwanza ni ndege mla kaa ambaye jina lake la kisayansi ni Dromas ardeola, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mweusi mnene wa kuvunjia kaa. Hukimbia, husimama ghafla, hunyakua. Kaa akiwa mkubwa humkung'uta hadi miguu ing'oke, kisha humeza mwili. Huzaliana kandokando ya Bahari ya Uarabu, Oman ikiwamo, na Ghuba, na Somalia, katika mashimo anayoyachimba mchangani, ambako joto la ardhi humsaidia kuatamia yai lake moja jeupe. Hakuna ndege mwingine wa matopeni anayefanya hivyo. Kwetu huja baada ya kuzaa, na watoto wake huja naye. Miezi kadhaa baada ya safari utamwona kinda aliyelingana na mzazi anamfuata nyuma, kajikunyata, anapiga mluzi apewe kaa.

Wengine hutoka mbali zaidi. Kuna chamchanga mwenye mdomo uliopinda, uzito wake gramu 60 hivi, ambaye hutaga Siberia na kushinda kwetu kuanzia Agosti hadi Aprili. Kabla ya kuondoka lazima anenepe sana, kwa kuwa mafuta ndiyo nauli yake. Ndiyo maana kuwakurupusha ndege kwa ajili ya picha wanaporuka si mchezo usio na madhara, hasa Machi na Aprili: kila wakiruka bure wanachoma mafuta waliyoyatafuta kwa maji kadhaa. Ukiona pete au kibendera mguuni, soma herufi zake kwa darubini uwaeleze A Rocha, ambao huwavisha pete ndege wa Mida. Na ukibaki hadi jioni kwenye miezi ya kaskazi, keremkerem wekundu huingia kulala mikokoni kwa makundi.

Anayesema Juni hakuna ndege Mida amekosea nusu. Wazima wengi wamekwenda kuzaa, lakini vijana wa mwaka wa kwanza wengi hubaki.

Na anayetaka kuvua

Mgeni mwenye fimbo ya kuvulia anahitaji leseni ya uvuvi wa burudani kutoka mamlaka ya uvuvi, na ahakikishe chombo chake kinavulia nje ya mbuga. Mashua kubwa za Watamu na Malindi huvuka mwamba na kwenda kina kirefu kutafuta jodari, nguru, sulisuli na nduwaro, hasa kaskazi bahari inapotulia. Wengi wa sulisuli na nduwaro huwekewa alama na kuachiliwa. African Billfish Foundation, yenye makao Watamu, ndiyo inayokusanya habari za samaki hao. Muulize nahodha kabla hamjang'oa nanga kama wataachiliwa au wataletwa nchi kavu, maana mkiwa baharini si wakati wa kubishana.

Kusi ikivuma, kuanzia Aprili, mitumbwi midogo haiwezi kutoka nje ya mwamba. Wavuvi hubanana ndani ya hori na kwenye maji ya nyuma ya mwamba, karibu na mipaka, na huo ndio msimu wa ugomvi mwingi kati yao na askari. Mgeni anayetaka kushika mshipi humo wakati huo anagombania samaki wale wale na mtu mwenye watoto wa kulisha. Afadhali anunue. Bandarini, vyombo vikirudi, tafi na changu huuzwa moja kwa moja na aliyewavua, na mnunuzi ana haki ya kuwakataa walio wadogo kuliko kiganja na kambakoche mwenye mayai tumboni.